Fundi wa Friji Aliyekaa Nami Edani

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku kabla ya kuombwa na Mwenye kusikia anapoombwa, aliyenibakisha hai hata nikayaona haya ninayotaka kuyasimulia. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, watu wa nyumba yake na masahaba zake. Baada ya hayo, nasema.

Mume wangu alifariki wakati wa masika, mvua ikinyesha juu ya mabati ya jirani hata sauti za wasomaji wa hitima zikawa hazisikiki vizuri. Alikuwa mtu wa Kondoa, alikuja Unguja kijana, akajifunza useremala, akanioa, na tukaishi orofa ya juu ya nyumba ya zamani pale Mkunazini mpaka alipoitwa. Nilipomaliza kumlilia niliingia eda: miezi minne na siku kumi, kama Kitabu kilivyoamrisha. Mjane aliyemo edani hatoki nyumbani kwake ila kwa haja, hajipambi, wala hatii manukato. Nimefundisha watoto Kurani sehemu kubwa ya umri wangu, na hukumu za eda nilizisomesha mara nyingi. Kuzisomesha ni jambo moja, na kukaa ndani yake, ukiangalia mlango ambao mtu wako hataingia tena, ni jambo jingine. Alhamdulillahi kwa yote.

Aliyekuja kukaa nami alikuwa binti wa mdogo wake mume wangu. Alikuwa amemaliza chuo cha ufundi huko bara, na alichosomea ni kutengeneza mafriji na viyoyozi. Alifika na mabegi mawili. La nguo alilibeba kwa mkono mmoja. La pili alilipandisha ngazi kwa ngazi, akipumzika, na alipolitua sakafu ya mbao ililia.

"Mwanangu, umekuja na mawe?" nilimuuliza.

"Vyuma, mama mkubwa. Ndiyo kazi yangu."

Baba yake alinipigia simu jioni ile ile. Ni mtu mpole, lakini neno lake huwa limekwisha kunyooka kabla hajalisema. "Shemeji," aliniambia, "nimekupa mtoto akae na wewe mpaka eda yako iishe. Huko huko atafute kazi. Akipata kazi ya heshima, abaki. Asipopata, eda ikiisha arudi, mjomba wake ana duka la vitambaa, atauza." Binti alikuwa ameketi pembeni yangu, na simu yangu ni ya kelele, kila neno alilisikia. Alikwenda kwenye lile begi zito, akaanza kuzipangusa koleo zake moja moja kwa kitambaa cha mafuta. Nilielewa kwamba duka la vitambaa kwake lilikuwa kama kufungiwa.

Akaanza kutoka kila asubuhi. Alivaa ovaroli ya buluu, juu yake baibui, na mkononi mfuko wa vyombo. Jirani yangu wa chini, ambaye hukaanga kachori mlangoni pake na kumjua kila apitaye, hakuchelewa kumwona.

"Bi mkubwa!" alinipigia kelele kutoka ngazini. "Huyu mwanao anakwenda kutafuta kazi au anakwenda kupigana?"

"Anakwenda kutafuta kazi ya friji."

"Ya kuuza?"

"Ya kutengeneza."

"Haya! Basi akipata, mimi ntakwenda kuwa imamu." Akacheka mpaka akakohoa, kisha akampa binti kachori mbili za moto azile njiani. Hivyo ndivyo alivyo. Mkono wake huwa mwema kuliko ulimi wake.

Binti alizunguka. Alikwenda Darajani, akaenda Mlandege kwenye maduka ya mafundi, akaenda mpaka hoteli za pwani ya mashariki, huko Chwaka na kwingineko. Akirudi alivua viatu, akaniamkia, akakaa chini mkekani na kunisimulia, na mimi niliyekuwa siwezi kutoka nikawa nauona mji kupitia kwake. Hoteli walimwambia watampigia. Mafundi walimuuliza swali ambalo Unguja tunaulizana sote: mtoto wa nani wewe? Akitaja jina la baba yake, hakuna aliyelijua. Akitaja la baba yake mkubwa, walisema, ah, yule seremala, Mungu amrehemu, kisha wakarudi kwenye kazi zao. Angekuwa hai, mume wangu angefuatana naye duka kwa duka, na salamu yake ingetosha kufungua mazungumzo. Hilo ndilo lililoniuma. Msiba wangu ulikuwa umeniondolea mwenzangu, na yeye umemwondolea mdhamini.

Hata siku moja sikumsikia akimsema vibaya mtu aliyemkataa. Nilimuuliza kama hachoki. Akasema, "Nnachoka miguu tu, mama mkubwa." Alikuwa ameshaanza kusema nnachoka kama sisi, na jirani alimtania kwamba kazi hajapata lakini Uunguja ameshaupata.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, niliyemfundisha alifu kwa kijiti, sasa ana duka kubwa la vifaa vya umeme. Nilimpigia simu nikamweleza. Kwa heshima aliyonayo kwangu alisema binti aende kesho yake. Akaenda, na akarudi mapema kuliko siku zote.

"Amenipa kazi," alisema, bila ya furaha.

"Alhamdulillahi! Kazi gani?"

"Kukaa mezani. Kupokea simu na kuwaandikia wateja siku ya kuletewa mizigo. Amesema hiyo ndiyo ya kike. Nimemshukuru, nimemwomba anipe nafasi nije nikuulize wewe kwanza."

Nilimtazama. Kwa haki ya Mungu, nilitaka akubali. Masiku yalikuwa yanakwenda, na kazi ile ilikuwa ya halali, mahali pa baridi, kwa mtu ninayemjua. Nikamwambia hivyo. Akainama akiangalia viganja vyake.

"Mama mkubwa, ukiniamrisha ntakwenda, na ntakwenda kwa moyo safi. Lakini nikikaa mezani mwaka mmoja, mikono hii itasahau. Na baba alinisomesha kwa ajili ya mikono hii."

Sikumwamrisha. Niliona kwamba aliyekuwa mbele yangu si mkaidi. Mkaidi hasemi atakwenda kwa moyo safi. Mimi mwenyewe nilimpigia yule mwanafunzi wangu, nikamshukuru na kumwombea dua, na yeye alinielewa. Lakini habari zilifika Kondoa, sijui kwa njia gani, na baba mtu akapiga simu. "Shemeji, nimesikia amekataa kazi. Basi hakuna mjadala. Eda ikiisha, apande boti." Nikamjibu kuwa nimesikia.

Ulikuwa umebaki muda mchache wakati friji yangu ilipokufa. Ndani yake kulikuwa na samaki wa kuliwa siku ile, na kulikuwa na dawa yangu ya macho, ambayo daktari aliniambia isipokaa katika baridi haifai tena. Binti aliigeuza friji ikaangalia ukuta, akachomoa umeme, akalala chini na tochi. Akatoka na kidude cheusi kidogo kuliko kisanduku cha kibiriti, akakitikisa karibu na sikio langu. Kililia ndani kama njugu kavu.

"Hii ni rilei," alisema. "Ndiyo inayoiamsha mashine. Imekufa. Mashine yenyewe nzima." Akatia dawa yangu ndani ya chupa ya chai pamoja na barafu iliyosalia, akavaa baibui, akaenda Mlandege kununua nyingine.

Akarudi mikono mitupu. Fundi mwenye duka alikataa kumuuzia. Alisema hauzi kifaa kikaharibiwe na mtu asiyejua, friji ikiungua lawama iwe kwake. Atakuja mwenyewe kuiangalia. Na kweli alikuja baada ya sala ya alasiri.

"Hodi!" tulimsikia kutoka chini, uchochoroni. "Hodi wenyewe!"

Binti alichungulia dirishani. "Karibu, fundi."

"Kuna mwanamme huko juu?"

"Hakuna. Nipo mimi na mama yangu mkubwa, yumo edani."

Fundi akasema, "Basi nisameheni. Mimi siwezi kupanda. Mwiteni jamaa yenu yeyote siku atakayokuwepo, ntarudi."

Wanavyuoni wameruhusu mgeni kuingia kwa haja, wanawake wakiwa wamejisitiri, na mimi hilo nalijua. Lakini ada ya mji wetu huenda hatua moja mbele ya ruhusa. Fundi mstaarabu haingii nyumba isiyo na mwanamme, na akikuta mjane edani hata ngazi haikanyagi. Nilimshukuru moyoni mwangu kwa adabu ile, huku nikiifikiria dawa yangu ya macho katika chupa ya chai.

"Fundi, usiondoke!" Binti alikuwa ametoa kichwa chote nje. "Hiyo rilei unayo hapo?"

"Ninayo."

"Nakuteremshia kikapu. Itie, mimi ntaifunga."

Chini kulikuwa na wazee wa barazani wanaokunywa kahawa, na kulikuwa na jirani yangu na karai lake. Wakaangua kicheko.

"Fundi, mtilie!" jirani alisema. "Huyo ndiye anayetaka nikawe imamu."

Fundi hakucheka. Alirudi nyuma mpaka akamwona binti vizuri. "Hebu niambie, friji inafanyaje?"

"Inavuma kidogo, inakata, inapumzika, inavuma tena."

"Rilei umejuaje?"

"Nimeitoa nikaitikisa, inalia."

"Na mashine umeipima? Au umeona rilei ukafurahi?"

"Nimepima pini zake zote tatu. Hakuna iliyokatika, wala haivujishi umeme kwenye bodi."

"Feni ya nyuma?"

Binti aligeuka akaitazama friji. "Feni sijaiangalia."

"Iangalie. Rilei haifi bure kila mara. Mashine ikikosa pumzi hupata joto."

Akarudi ndani mbio, akamulika tochi, akatoa donge la vumbi na nyuzi za kanga lililokuwa limeikaba feni. Alilirusha dirishani likaangukia karibu na miguu ya fundi. Wazee wakapiga makofi. Fundi akasema, "Haya, teremsha kikapu," na kikapu changu cha kununulia mboga kikashuka kwa kamba kikapanda na rilei mpya.

Aliifunga mimi nikimshikia tochi. Alipochomeka umeme, friji ilitetemeka mara moja, kisha ikaanza kunguruma kwa sauti ya chini, kama paka aliyeshiba.

"Nataka kuisikia!" fundi aliita. "Siondoki sijaisikia."

Ataisikiaje naye yuko uchochoroni? Binti akamwomba namba yake ya simu, akampigia, akaiweka simu yake mgongoni mwa mashine. Nilichungulia nyuma ya pazia. Fundi alikuwa amekaa barazani, simu sikioni, macho ameyafumba. Wazee wamemwinamia, na jirani ameacha kachori zake ziungue. Kila mtu anasikiliza friji ya mjane.

"Imetulia," fundi alisema mwishowe. "Wallahi imetulia." Akainua uso. "Bibie, kesho asubuhi njoo dukani. Njoo na mita yako ya kupimia umeme."

Kesho yake binti aliniletea habari ndefu. Fundi alimwambia kwamba tabu yake kubwa si vifaa wala si wateja. Anaitwa aende Mpendae, anafika, mume yuko kazini Bububu, mke yuko peke yake na mtoto mchanga, arubaini haijaisha, anageuza gari. Anaitwa aende Vuga, anakuta mabinti peke yao, anageuza gari. Akina mama wanakaa na mafriji mabovu mpaka Ijumaa, wakati mwingine mpaka mume arudi safari. Miaka yote hiyo alikuwa akitafuta kijana mwaminifu wa kumsaidia, na hakuwahi kufikiri kwamba anayemhitaji ni mwanamke.

Siku ile ile alimchukua mpaka kwa yule mzazi wa Mpendae. Yeye alikaa garini nje, binti akaingia. Alichelewa sana, kwani alifungua zaidi ya ilivyohitajika, na fundi alimwambia hivyo bila ya kumficha. Lakini friza ilipata baridi, na mama wa mtoto hakulazimika hata kujifunika kichwa katika nyumba yake. Binti alinisimulia haya yote akiwa amesimama, hakukumbuka kukaa.

Mimi nilifurahi, kisha nikaogopa. Nilijua atakalouliza baba yake. Binti wa watu, mgeni, azunguke mji ndani ya gari pamoja na mwanamme asiye ndugu yake? Swali hilo lilikuwa la haki, na mimi mwenyewe ningeliuliza. Nilimwambia binti ampelekee fundi neno hilo kama lilivyo, asilipunguze. Fundi alilisikiliza akasema, "Bi mkubwa amesema kweli. Mwambie atapata jibu."

Jibu lilikuja Ijumaa baada ya sala. Mlango ulibishwa, na aliyepanda alikuwa bibi wa makamo yangu, kavaa baibui jipya, mkononi ana kawa la mkeka lililofunika sahani ya halua. Alikuwa mama yake fundi. Jirani yangu alipomwona anapita na kawa lile alielewa anavyoelewa yeye, na nyumba nzima ikasikia kigelegele.

"Posa!" alikuwa akiwaambia wa barazani. "Nilijua mimi! Friji gani ile!"

Mgeni wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Bi mkubwa, mwanangu ana mke, na mkewe namtaka. Nimekuja kuposa fundi." Akaketi, akanipa pole ya msiba kwanza, tukamsomea marehemu Fatiha. Kisha akasema alilokuja kulisema. Binti akifanya kazi kwa mwanawe, yeye mwenyewe atakuwa ndani ya gari, kila safari. Atakaa kiti cha mbele, binti nyuma na vyombo vyake. Binti akiingia nyumba ya watu, naye ataingia.

"Si tabu kubwa kwako?" nilimuuliza.

"Tabu iko wapi? Nyumbani nnashinda natizama tamthilia, watu wanagombania urithi mwaka wa tatu huu, hawaumalizi. Afadhali nitembee nione majiko ya watu."

Nilimpigia shemeji yangu papo hapo, nikamwambia ninayo haja naye, na kwamba anayetaka kusema naye si mimi. Nikampa bibi simu. Wakaamkiana. Alimweleza yote, polepole, kama anavyoelezwa mzazi anayeombwa mwana. Binti alisimama mlangoni pa jiko, ovaroli mwilini, mikono ameifungia nyuma.

"Mama," baba yake alisema mwishowe, "huyo mtoto anafanya kazi gani hasa? Anabeba vyombo?"

"Habebi vyombo, baba. Anatengeneza. Mwanangu mimi ndiye anayembebea."

Kisha tukamsikia akiuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "Na watu wanaridhika na kazi yake?"

"Kwa nini usimuulize huyu mwenye nyumba?" bibi alisema, akanirudishia simu.

Nilimwambia kwamba dawa yangu ya macho iko baridi, na kwamba aliyeitengeneza friji hiyo ni mwanawe, fundi wa miaka mingi akiwa amesimama uchochoroni anamsikiliza. Nikamwambia kwamba nimemsomesha Kurani kila aina ya mtoto, mwepesi na mzito, na subira kama ya huyu sikuikuta mara nyingi. Nikamwambia kwamba alipokataliwa hakumlaani mtu, na alipopewa kisichokuwa chake alikirudisha kwa adabu. Na kwamba kaka yake, lau angekuwa hai, angeona fahari kumpitisha mjini.

"Nipe mwenyewe," alisema.

Binti aliipokea simu kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba... Naam... Naam, baba." Halafu akakaa chini pale pale penye kizingiti, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio wake. Niliisikia sauti ya shemeji yangu, maana simu yangu ni ya kelele.

"Basi baki. Fanya kazi ya watu kwa amana. Na ukija likizo, uje na hivyo vyombo. Mama yako ana friji hapa, tumeigeuza kabati la vyombo."

Jumamosi alfajiri, tulipomaliza kusali, alikwenda kazini. Mimi nilibaki edani siku zangu zilizosalia, nikimsikia jioni akipanda ngazi, akinieleza nyumba alizoingia na alichojifunza. Siku eda ilipokwisha, wanawake wa mtaa walikuja kuniosha na kunivisha nguo mpya, na yeye hakuwepo. Alikuwa Chwaka, kwa mke wa mvuvi ambaye friza yake ya barafu ilikuwa imesimama. Sikuhuzunika. Nilimwambia aende.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe riziki iliyo halali na mikono ya kuitumikia. Ikiwa kijana wako anatafuta kazi katika mji wa watu, Mungu amkutanishe na mwenye kumsikiliza. Na ikiwa ni wewe unayetafuta, akutie subira isiyo na uchungu, na akufungulie kwa njia usiyoidhania. Amin.